Tuligoma Ghala Likiwa Limejaa

Nyinyi vijana mnaosomea mambo ya jamii huko vyuoni mna tabia moja inayonichekesha. Mnafika hapa kwangu Voi, mnakunywa chai, mnasifu mandazi, kisha mnauliza kama mtu anayeuliza njia ya kwenda stesheni: Nyanya, Umarksi na nadharia ya mfumo wa dunia vinatofautiana vipi? Mara ya kwanza nilidhani mmekosea nyumba. Halafu nikakumbuka kwamba mambo hayo mawili niliishi nayo miaka mingi na kuyapikia kimanga, ule mseto wetu wa muhogo na maharagwe. Moja lilikuwa mume wangu, na la pili dereva wa lori.

Basi kaeni. Lakini nitaanza na kazi, maana bila kujua kazi hamtaelewa ugomvi.

Mimi nilikuwa mtu wa brashi. Niliteremka kutoka Bura, kwetu milimani, nikiwa msichana, nikaajiriwa kwenye shamba moja kubwa la makonge upande huu wetu wa Voi, na nilitoka pale nikiwa na mvi. Majani ya mkonge hukatwa shambani na kupelekwa kwenye korona, mashine inayoyaponda na kuyakwangua mpaka zibaki nyuzi. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, na zikikauka zinaletwa chumba cha brashi. Brashi si kama hii ya viatu. Ni pipa la chuma lenye meno, linazunguka kwa kasi na linapiga kelele mpaka ukitoka unaongea na watu kwa kupayuka. Unashika fungu la nyuzi katikati, unaliingiza upande mmoja, unavuta, unageuza, unaingiza upande wa pili. Lililoingia na vumbi linatoka jeupe, limenyooka, tayari kwa presi, mashine inayofunga nyuzi kuwa marobota.

Leso inayoning'inia usiivae karibu na brashi. Fungu nene usilishike kwa tamaa ya kumaliza mapema, maana brashi ikilikamata linakwenda na mkono wako. Na kitambaa cha puani ukiloweshe maji kabla ya kukifunga, kikavu hakizuii kitu. Lile vumbi ni jepesi, linaingia hata mahali ambapo hewa yenyewe inapiga hodi. Jioni tulitoka weupe kuanzia kope hadi kwenye visigino, na wakataji wa mkonge walikuwa wakituamkia kwa heshima wakisema wanaogopa mizimu.

Sasa, wengi wetu kule ndani tulikuwa wanawake, na wanawake huzaa. Mwenye mtoto anayenyonya alikuja naye kazini, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kumweka. Tuliwalaza nyuma ya mashine, juu ya zile nyuzi fupi ambazo brashi inazitema. Ni laini kweli, hata mimi nimewahi kuzitamani. Wakio wangu, kifungua mimba, alilala hapo tangu akiwa na wiki chache, na alipoanza kukohoa hakuacha tena. Alikohoa akinyonya, alikohoa akicheka. Nikampeleka kwa dresa, yule mtoa dawa wa kambi ya wafanyakazi. Akanipa chupa ya dawa na kuniambia nimtoe mtoto kwenye vumbi. Nikamuuliza nimpeleke wapi. Akafikiri sana, kisha akanipa chupa ya pili.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: chumba. Chumba chochote mbali na brashi, na mtu wa kuwaangalia watoto. Nilikiwaza nikila na nikioga. Niliogopa kwamba mtoto wangu atakufa nikiwa nimempa mgongo, nikipiga nyuzi mswaki.

Mume wangu Maghanga alikuwa fundi wa presi na mwakilishi wa wafanyakazi. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa kuliko nyumba yetu. Kuna wakati, katika miaka ya sabini, chama cha wafanyakazi kilimpeleka semina Nairobi, akarudi na mkoba wa ngozi ya bandia na mafundisho ya Umarksi. Enzi hizo jina hilo hukulitamka ovyo chifu akiwa karibu, kwa hiyo nyumbani liliitwa "elimu ile". Elimu ile ilisema hivi: dunia ina watu wa aina mbili, wenye mashine na wasiokuwa na kitu ila mikono yao. Mwenye mikono anafanya kazi siku nzima. Sehemu ya siku anajilipia mshahara wake mwenyewe, na sehemu iliyobaki jasho lake linaingia mfuko wa mwenye mashine. Ugomvi wao hauishi mpaka wenye mikono waungane na kuzichukua mashine. Nilipenda. Nikamuuliza Baba Wakio, na mimi ninayetoka kwenye brashi na kuja kukupikia, hiyo sehemu ya siku inaingia mfuko wa nani? Akasema suala hilo litashughulikiwa baada ya mapinduzi.

Kioko, dereva, yeye alikuwa Mkamba aliyepeleka marobota stesheni ya Voi, na wakati mwingine mpaka bandarini Kilindini. Mke wake alikuwa Kibwezi, kwa hiyo yeye alikula kwangu. Hakuwahi kwenda semina, lakini alikuwa ameona meli, na mtu aliyeona meli haongeleki naye. Kila Maghanga akimlaani mwenye shamba, Kioko alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema mwenye shamba mwenyewe ni boi tu. Bei ya katani, hizo nyuzi zetu, haipangi yeye, inapangwa ng'ambo. Kule wanaisokota kamba, wanatuuzia kamba hiyo hiyo, tunafungia ng'ombe. Basi walibishana hivyo, mmoja akipigia kiwanda kelele na mwingine akipigia bahari, na kimanga kikiisha sahani zilibaki zikinitazama mimi.

Aliyetuletea majina kamili alikuwa Mwalimu Nyambu, kijana wa kwetu milimani aliyetoka chuo kikuu akawa anafundisha sekondari. Jumamosi mchana aliteremka kufundisha watu wazima kwenye ukumbi wa kambi. Alikuwa anajua kitu yule, msije mkamdharau kwa sababu ya tutakayoyafanya hapa mbele. Siku moja alichoka na ubishi wa wale wawili, akasema hilo la Kioko nalo lina wasomi wake, linaitwa nadharia ya mfumo wa dunia, tena ni jipya. Akatupanga ukumbini. Kioko akakalishwa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, akaambiwa yeye ni kitovu, nchi tajiri: ana viwanda, ana meli, anapanga bei. Alikunja nne papo hapo. Mimi nikawa pembezoni, kule mlangoni, kwa sababu Wakio alikuwa akikohoa. Kazi yangu ni kutoa mali ghafi na kupokea kinachorudi. Maghanga akawekwa katikati, nusu pembezoni: ananyonywa na Kioko, naye ananinyonya mimi.

Mume wangu alikataa. Alisema hawezi kuninyonya mbele ya watu. Mwalimu akamsihi, ni mfano tu. Akasema hata kwa mfano hataki, na kwa nini dereva awe Ulaya wakati yeye ndiye mwakilishi. Ilibidi somo lisimame mpaka apewe kiti.

Kiti kilipopatikana, Mwalimu akaeleza vizuri sana. Kwamba nadharia hizi ni mama na binti. Zote zinasema jasho la huyu linamnenepesha yule. Lakini mama, elimu ile ya Maghanga, anasimama ndani ya kiwanda na kuuliza nani ana mashine na nani ana mikono, na binti anapanda mlimani, anaitazama dunia nzima kama kiwanda kimoja na kuuliza nchi gani imekaa wapi. Mama anatilia mkazo kazi inavyofanywa, binti anatilia mkazo biashara inavyopita. Na wenye kumpenda mama humlaumu binti kwamba akitazama nchi anasahau matabaka yaliyo ndani ya nchi. "Msichague," alisema. "Kila mkitaka kufanya jambo, ulizeni yote mawili. Hapa nani anachukua jasho? Na kitu hiki kikitoka hapa kinakwenda wapi?" Tukapiga makofi. Kisha tukatoka, na kila mtu akabeba nusu aliyoipenda.

Mgomo ulikuja kiangazi kilichofuata. Madai yalikuwa mengi: mshahara, glavu, posho ya unga. Chumba cha watoto kilikuwemo, mwisho kabisa, baada ya mipira ya timu ya kambi. Nililalamika, nikaambiwa madai yote ni sawa.

Na ni nini kilichotupa ujasiri? Ghala. Ghala la marobota lilikuwa limejaa hadi kwenye mapaa. Marobota yalipokosa nafasi yakapangwa nje chini ya turubai, kisha yakaingia karakana, kisha yakaingia ukumbini hata Mwalimu akawa anafundisha amekalia robota. Sisi ni watu wa mlimani. Kwetu ghala likijaa ni shibe. Mtu mwenye mahindi hadi kwenye paa ana nguvu, anaoa, anasemewa vizuri kanisani. Tukatazama yale marobota tukasema, huyu mtu ni tajiri mpaka utajiri unamwagika, halafu anatunyima glavu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini katani imelala hapo. Kioko mwenyewe, Ulaya nzima, alifurahia kwamba safari za Mombasa zimepungua, akasema amechoka na lile joto.

Maghanga akapanda juu ya marobota akahutubia. Niwaambie kweli, alipendeza. Aliyapiga teke kwa kisigino akisema, huu ndio utajiri wenu, hili ndilo jasho lenu limefungwa kamba. Korona ikazimwa, brashi ikazimwa. Kimya kilikuwa kikubwa hata njiwa walirudi.

Kesho yake meneja akaja na pikapu. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili chake mwenyewe. Tulimtazamia aje na polisi. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoa beberu mmoja mkubwa na gunia la sukari. Maghanga alikuwa juu ya marobota tayari, mkono mmoja hewani.

"Mimi nakuja sema asante," meneja alisema. "Katani bei nakufa kabisa, meli hapana kuja. Mimi nafikiri kila siku, nitaambia hawa watu namna gani mimi nafunga kiwanda? Sasa nyinyi nafunga mwenyewe. Asante sana. Pumzika pole pole."

Akampa Maghanga kamba ya yule beberu, akaondoka.

Mume wangu alibaki kule juu. Hakuna semina inayofundisha mtu ashuke vipi baada ya kushukuriwa na adui, na kamba ya mbuzi mkononi. Hatimaye mbuzi mwenyewe ndiye aliyemvuta chini. Mjadala ulikuwa mkali kama kumla ni usaliti. Tulimla. Nyama ilikuwa ngumu, nadhani na yeye alikuwa mwanachama.

Tulirudi kazini kwa siku za nusu nusu, kwa kubembeleza. Mimi sikucheka wakati huo, nacheka sasa. Chumba hakikuzungumzwa hata, na Wakio alikuwa amekonda mpaka bangili ya shanga ilikuwa inamtoka.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu Maghanga aliokoka. Aliiacha elimu ile, akahamia kabisa kwa Kioko. Ikawa kila kitu ni mfumo wa dunia. Paa la nyumba likavuja. Nikamwambia Baba Wakio, panda uzibe. Akasema kwa huzuni kwamba sisi ni pembezoni, na pembezoni huvuja. Mlango wa choo ukaanguka. Walisimama mbele yake, yeye na Kioko, wakakubaliana kwamba mpaka mpangilio wa mataifa ubadilike, mlango huo utaendelea kuanguka. Nikauinua mwenyewe, nikapigilia misumari, mtoto mgongoni akikohoa. Nilikasirika siku ile jinsi sijawahi kukasirika. Kwanza mume wangu alinipa adui mmoja, nikasubiri. Sasa amenipa adui mkubwa mno hata hapigiki, na bado natakiwa nisubiri.

Mwalimu Nyambu alipopata habari alishika kichwa. Aliwaambia, nyinyi niliwapa maswali mawili, kwanza mkabeba moja mkagoma bila kuangalia bahari, na sasa mmebeba la pili mmelala kabisa. Mimi nilikuwa mlangoni nikimnyonyesha mtoto, na yale maswali mawili nikayachukua yote. Hakuna aliyekuwa akiyatumia.

Miezi ikapita. Siku moja Kioko alikuja kunywa chai akilalamika kwamba amepelekwa stesheni asubuhi, na sasa ataenda tena. Alikuwa anasema tu, kama mtu anayelalamikia jua. Marobota ya ghalani yamekwisha kuondoka. Mabehewa yamesimama Voi yakisubiri, meli imeshafika Kilindini, na meneja anagombana na simu tangu asubuhi.

Nikamuuliza wanataka katani gani.

"Hiyo ya brashi tu, Mama Wakio," alisema. "Isiyopigwa brashi hawataki hata kuiona. Sasa nimiminie chai tena kidogo."

Nikammiminia.

Kesho yake asubuhi tuliingia chumba cha brashi kama kawaida. Tulifunga vitambaa vyetu puani, tukawatoa watoto mgongoni, tukakaa chini katikati ya mashine na kuanza kunyonyesha. Wasio na watoto walisukana. Nilikuwa nimepita mlango kwa mlango jioni iliyotangulia nikiomba chumvi, na kila nilipopewa chumvi niliacha neno. Nyapara alituuliza kama tunaumwa. Tukasema hapana.

Wa kwanza kufika mbio alikuwa mume wangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mgomo una utaratibu, hatujapiga kura, hatujaandikia chama, na yeye kama mwakilishi hana habari. Nikamwambia huu si mgomo, tunanyonyesha. Akatazama zile mashine zimezimwa, akatazama sisi, akatazama upande wa stesheni. Niliona hesabu inamwingia. Akavua kofia, akakaa chini na sisi, na siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Meneja alikuja akiwa mwekundu. Alisema bei ya ng'ambo ni mbaya, yeye mwenyewe anateswa. Nikasimama na Wakio. Nilikuwa nimesema maneno yale moyoni muda mrefu.

"Bwana meneja, bei ikiwa mbaya mabehewa hayasubiri," nilisema. "Sisi hatutaki shamba lako. Tunataka ile stoo ya magunia karibu na ofisi, ambayo haina kitu. Na Mama Mshai awekwe pale kuangalia watoto, alipwe na shamba. Tukishaifagia, tunarudi kwa brashi."

Akasema sawa, baada ya meli kuondoka ataiangalia. Nikakaa chini tena. Alitoka nje, akatazama barabara ya stesheni, akarudi. Wakio akakohoa, kile kikohozi chake kirefu, na meneja akamtazama kwa mara ya kwanza nadhani tangu azaliwe. Sijui kilichomshinda ni meli au ni mtoto. Nimekaa na swali hilo miaka yote, na siku ninayokuwa na roho nzuri huwa nasema ni vyote viwili. Alitoa ufunguo mfukoni.

Wale wanaume wawili waligombania ushindi huo hadi walipozeeka. Maghanga alisema ni umoja wa wenye mikono, Kioko alisema ni soko la dunia, na bila habari yake ya stesheni tungekaa pale mpaka leo. Walikuwa sahihi wote, jambo ambalo liliwauma wote. Mkiulizwa kwenye mtihani, andikeni mlivyofundishwa, na mtaje tofauti zote, mama na binti.

Mama Mshai alikuwa ajuza wa Marungu ambaye vidole vilikuwa vimekataa kushika fungu. Tulifagia stoo, tukatandika mikeka, nikamwachia Wakio, nikarudi kwenye brashi. Nilikuwa na mazoea ya kugeuka kila nikimaliza fungu, kutazama nyuma ya mashine kama bado anapumua. Nikageuka. Pale alipokuwa akilala palikuwa patupu. Nilijua alipo, nilimpeleka kwa mikono yangu, lakini mwili haukujua. Nikatoka mbio na nyuzi mkononi, na weupe wangu wote, hadi stoo. Mama Mshai akaweka kidole mdomoni. Mtoto alikuwa amelala, na kule mbali na mashine palikuwa kimya hata niliweza kumsikia, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia mchana tangu nimlete kazini. Nyapara alinifuata mpaka mlangoni akiuliza ninafanya nini huku na meli inasubiri. Nikamwambia angoje kidogo, namsikiliza mtoto wangu anavyopumua.